Papa Waliohukumiwa Kabla ya Uchunguzi

Januari 2014 waziri wa mazingira wa Australia aliusamehe mpango wa jimbo la Australia Magharibi usipitie uchunguzi wa mazingira uliowekwa na sheria. Watu walikuwa wameuawa na papa, jimbo likatega ndoana kubwa zenye chambo karibu na fukwe. Roho ya mwanadamu ni tukufu, hilo hatulipingi. Lakini Suratul Hujurat yatuamrisha tuhakikishe kwanza, tusije tukadhuru kwa ujinga. Papa 172 walinaswa, makumi wakapigwa risasi. Papa mweupe, ndiye hasa aliyeshukiwa, hakuwamo hata mmoja! Septemba ndipo mamlaka ya mazingira ya jimbo iliposhauri mpango usiendelee. Je, waziri aliyefuta uchunguzi alitolea hesabu kwa nani?