Kitende Bila Bunamwaya

Wengi wanaoishangilia Vipers leo hawakumbuki kwamba hadi mwaka 2012 timu hii iliitwa Bunamwaya. Bunamwaya ni mtaa wa Makindye-Ssabagabo, karibu na Zana, na kutoka kwetu Makindye boda boda hukufikisha upesi. Kwa jina hilo timu ilitwaa ubingwa wa ligi msimu wa 2009/10. Kisha ikajiita jina la nyoka wenye sumu, ikahamia Kitende, kwenye ardhi ya shule ya St. Mary's. Mwanzilishi wa shule hiyo, Lawrence Mulindwa, ndiye pia mwenye klabu.

Nianze na sifa, maana haki ni haki. SC Villa, yenye mataji ya ligi kuliko klabu yoyote Uganda, imehamahama viwanja miaka nenda miaka rudi. Vipers walijenga chao, wakakifungua mwaka 2017. Mwaka 2021, Namboole ulipokuwa haufai, timu ya taifa iliwakaribisha Mali, Rwanda na Kenya pale pale Kitende. Yaani taifa zima liliomba hifadhi kwenye uwanja wa shule! Mwaka uliofuata Vipers wakaitoa TP Mazembe kwa penalti, tena kule kule Lubumbashi, wakaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Hayo si mambo madogo.

Lakini mimi nilikwenda Kitende Februari 2023, Vipers walipocheza na Simba ya Dar es Salaam, nikarudi na swali. Simba walishinda 1-0, bao la Henock Inonga. Kwenye benchi lao alikaa Robertinho, kocha yule yule aliyewavusha Vipers mbele ya Mazembe miezi michache tu kabla. Hilo liliniuma, ila soka ni kazi na kazi hubadilishwa. Kilichonisumbua zaidi ni majukwaa. Nilipokaa mimi, waliovaa nyekundu waliimba kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, nami mwanafunzi wa Kiswahili (lugha ambayo kwetu Makindye watu huihusisha na kambi ya jeshi) nikajikuta nafuata maneno yao kwa midomo. Wenyeji waliokuwa karibu nami walikuwa wanafunzi. Walipiga kelele vizuri, siwakatai, lakini mwanafunzi humaliza shule akaenda kwao.

Simba ina jina la mnyama pia, mtu ataniambia. Ni kweli. Ila Simba haijawahi kuondoka Kariakoo moyoni. Babu alimrithisha baba, baba akamrithisha mwana. Vipers walikuwa na mtaa, wakauacha. Sidai kwamba Bunamwaya kungejengwa uwanja kama ule, pengine hata ardhi isingepatikana. Nadai kwamba jina lilikuwa halina gharama yoyote kulibeba.

Jioni ile nilishuka Zana nikapanda boda boda. Dereva, mtu wa makamo, alikuwa amevaa jezi ya Arsenal. Nikamwambia, "Ssebo, Vipers wamefungwa." Akaniuliza walikuwa wanacheza na nani. Nikamwambia timu ile ilizaliwa hapa hapa Bunamwaya. Akacheka, akadhani namtania, akauliza kama Arsenal nao walikuwa wameshinda.