Kijiti Kilichofaulu Kiwandani Kikashindwa Mikononi

Mhusika wa mchezo anatembea peke yake. Mchezaji ameondoa kidole, kijiti kimesimama katikati kama kinavyotakiwa, lakini kwenye kioo yule mtu anazidi kujongea kushoto mpaka anatumbukia shimoni. Nintendo Switch iliingia sokoni tarehe 3 Machi 2017, na haikuchukua muda wamiliki wake wakaanza kulalamikia jambo hili hili moja. Tatizo lilikuwa kwenye pedi zake mbili ndogo ziitwazo Joy-Con. Kufikia Julai 2019 lilikuwa limefika mahakamani Marekani. Juni 2020 rais wa kampuni, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi mbele ya wanahisa kwa usumbufu waliopata wateja.

Kwa anayetaka kujua namna ya kupima kama kifaa cha michezo cha mkononi kitadumu, na kama kinastahili bei yake, sijui kisa kinachofundisha kuliko hiki. Sababu ni kwamba pande zote mbili zilieleza zilivyopima. Mtengenezaji alisema alivyokijaribu kijiti kabla ya kukiuza, na vyama vya kutetea walaji Ulaya vilisema vilichokuta baada ya kijiti kuharibika. Majibu yao hayafanani, na tofauti hiyo ndiyo inayonishughulisha.

Tuanze na kilichomo ndani. Chini ya kofia ya mpira inayoguswa na kidole gumba kuna vijino vyembamba vya chuma vinavyoteleza juu ya mistari ya kaboni iliyochapwa kwenye karatasi ya plastiki. Umeme hupita katika kaboni hiyo, na kadiri chuma kinavyohama, ndivyo ukinzani unavyobadilika. Mashine husoma badiliko hilo na kujua kijiti kimeelekea wapi. Kifaa cha namna hii huitwa potenshiomita, nacho ni rahisi, ni chembamba na kimezoeleka viwandani kwa miaka mingi. Ubaya wake ni kwamba hakiwezi kufanya kazi bila kusuguana. Kila mpito wa chuma hukwangua kaboni kidogo. Mstari ukichakaa, ukinzani wa pale katikati haubaki ule uliopangwa kiwandani, na unga uliokwanguliwa hauna pa kwenda, hubaki humo humo ndani ukivuruga mguso. Programu huachia eneo dogo la katikati ambamo mabadiliko madogo hupuuzwa. Mvurugiko ukishalivuka eneo hilo, mashine huamini kwamba kuna kidole, na mhusika huanza safari.

Sasa, Nintendo walikipimaje? Oktoba 2021, walipokuwa wakitoa Switch yenye kioo cha OLED, wahandisi wao Ko Shiota na Toru Yamashita walieleza katika mahojiano yaliyochapishwa na kampuni yenyewe. Kijiti cha mwanzo, walisema, kilipita jaribio la kuzungushwa mfululizo huku kikikandamizwa, kwa vigezo vile vile vilivyotumika kwa kijiti cha Wii U GamePad. Waliongeza kwamba sehemu hiyo ilikuwa imeboreshwa hatua kwa hatua tangu 2017, na Shiota akakiri kwamba uchakavu hauepukiki pale sehemu mbili zinapogusana, kama matairi ya gari yanavyolika kwa kusuguana na barabara.

Nayaheshimu maelezo hayo kwa sababu hayafichi fizikia. Ila kigezo chenyewe kinanipa shaka kubwa. Wii U GamePad, ya 2012, ilikuwa pedi kubwa iliyolazimika kubaki karibu na mashine yake sebuleni. Joy-Con ni nyembamba zaidi, imebuniwa itoke nje, iingie kwenye begi la shule, ishikwe na mtoto mwenye mikono ya jasho, itupwe kitandani. Mashine inayozungusha kijiti kwa mwendo ule ule na kwa nguvu ile ile hupima uchakavu wa mzunguko. Haipimi vumbi, wala kidole kinachokisukuma kijiti upande mmoja kwa hasira saa nzima mchezo unapokuwa mgumu. Jaribio linaweza kufanywa kwa uaminifu kamili na bado likawa limepima maisha ya kifaa kingine.

Vyama vya walaji vilianzia mwisho na kurudi nyuma. UFC-Que Choisir cha Ufaransa kiliwapa wataalamu vijiti vilivyogoma, vikafunguliwa, na kilichoonekana ni saketi zilizochakaa mapema pamoja na kinga hafifu dhidi ya uchafu. Which? cha Uingereza kilifanya kazi ya aina hiyo na kutangaza matokeo Desemba 2022. Ingawa kijiti kina mpira wa kuzuia vumbi, uchafu ulikutwa ndani, na sehemu zinazoteleza zilikuwa na alama za kulika. Hitimisho lao lilikuwa kwamba kasoro inatokana na usanifu wa kifaa, na kwamba mtumiaji asibebeshwe lawama.

Lakini njia hii nayo ina udhaifu wake. Ukichukua vijiti vibovu pekee, utakuta ubovu. Ili kujua kilichosababisha, ungehitaji pia vijiti vya umri ule ule vilivyobaki vizima, uvifungue, ulinganishe. Na tahadhari ya namna hiyo inahitajika kwa takwimu iliyosambaa sana. Januari 2021 BEUC, muungano wa vyama vya walaji barani Ulaya, ulipeleka malalamiko kwa Tume ya Ulaya ukitegemea karibu taarifa 25,000 za wateja, na ukasema kwamba katika asilimia 88 ya visa, kijiti kiliharibika ndani ya miaka miwili ya kwanza. Ni rahisi kuelewa kwamba asilimia 88 ya Switch zote zinaharibika. Sivyo. Hao ni watu walioona tatizo wakajitokeza kuliripoti, na wale ambao pedi zao zilikuwa nzima hawakuwa na sababu ya kuandika. Takwimu ile inatueleza lini kijiti huharibika kikiharibika. Haituelezi vingapi vinaharibika. Hata hivyo, kwa mnunuzi, hilo la kwanza lina uzito wake, kwa maana miaka miwili ni michache mno kwa kifaa cha bei hii.

Vipimo vinavyopendwa na watazamaji ni vingine kabisa. Zack Nelson wa Marekani, maarufu kwa chaneli yake ya video iitwayo JerryRigEverything, hukwangua kioo kwa ncha zilizopangwa kwa ugumu wa kipimo cha Mohs, huwasha kiberiti juu yake, kisha hukikunja kifaa kwa mikono yote miwili. Sikidharau kipimo hicho, maana kwenye kioo kinasema ukweli. Switch ya kwanza ilikuwa na kioo cha plastiki, ambacho hupata mikwaruzo mapema sana kwenye kipimo hicho. Kioo halisi kwa kawaida hustahimili hadi daraja la 6. Mchanga una kwatsi, na kwatsi ni daraja la 7, kwa hiyo hata kioo halisi kikisuguliwa na mchanga ndani ya begi kitachubuka. Upande wa pili, plastiki ikianguka haivunjiki vipande. Nintendo walipohamia kioo halisi kwenye Switch ya OLED, walibandika juu yake utando mwembamba wa kuzuia vipande kutawanyika, na wakawaonya wateja wasiubandue. Kila uamuzi hapo ni biashara ya kupata hiki na kupoteza kile. Kukikunja kifaa kwa nguvu zote, hata hivyo, kunajibu swali ambalo ni wachache walilonalo. Switch nyingi zilizogoma ziligomea mikononi, zikichezwa kama zilivyokusudiwa.

Kuna pia ushahidi wa aina ya miujiza. Kwa miaka mingi duka la Nintendo mjini New York lilionyesha Game Boy, kifaa cha mkononi cha zamani cha kampuni hiyo, iliyoungua katika Vita vya Ghuba, gamba lake limeyeyuka, nayo ikaendelea kuonyesha mchezo wa Tetris. Inasisimua, lakini ni kifaa kimoja. Vilivyoungua vikafa havikuwekwa dirishani. Sababu za Game Boy kudumu zinaonekana vizuri zaidi ukiifungua iliyo ya kawaida. Gunpei Yokoi, aliyeongoza kazi ya kuibuni, aliamini katika teknolojia iliyokomaa na kushuka bei, itumiwe kwa njia mpya. Kitufe chake cha msalaba, alichokibuni kwa ajili ya Donkey Kong ya Game & Watch mwaka 1982, hubonyeza mpira wenye kaboni juu ya saketi. Mpira hushuka, hugusa, huinuka, hauburuzwi. Ukichoka, fundi anauinua na kuweka mwingine. Betri nne ndogo za Game Boy ziliuzwa kila duka. Mshindani wake, Game Gear ya Sega, ilikuwa na rangi na mwanga, ila ilikula betri sita kwa saa chache tu. Wanunuzi wa wakati ule walikokotoa thamani bila kufundishwa na mtu.

Nasi tukokotoe. Switch ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 299.99, na jozi ya Joy-Con kwa dola 79.99, yaani zaidi ya robo ya bei ya kifaa chenyewe. Aliyelazimika kununua jozi mbili mpya ametoa takriban dola 460. Mshindani wake, Steam Deck ya Valve, ya bei ya chini ilitoka Februari 2022 kwa dola 399, na vipuri vyake, vijiti vikiwemo, vikaanza kuuzwa kwa umma mwaka huo huo kupitia iFixit, kampuni ya vipuri na miongozo ya matengenezo. Kwenye karatasi ya bei Switch ilikuwa nafuu. Baada ya miaka minne ya matumizi mazito, kwa mwenye bahati mbaya, si nafuu tena. Switch Lite ya Septemba 2019 inanisikitisha zaidi. Bei yake, dola 199.99, iliilenga familia yenye kipato kidogo, lakini vijiti vyake vimejengwa ndani ya mwili wa kifaa. Kijiti kikiugua, huwezi kuchomoa pedi na kuweka nyingine. Kifaa kizima kinakwenda kwa fundi. Aliyelipa kidogo ndiye aliyepewa kisichotengenezeka kirahisi.

Betri nayo ina hesabu yake, tena iliyo wazi zaidi. Nintendo wanasema kwamba baada ya kuchajiwa mara 800, betri ya Switch hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake. Ukichaji kila siku, hiyo ni miaka miwili na miezi miwili hivi. Mwaka 2019 walibadilisha chipu bila kuongeza ukubwa wa betri, na muda wa kucheza ukapanda kutoka saa 2.5 hadi 6.5 za awali, ukawa saa 4.5 hadi 9. Watu walilipokea kama jambo la starehe. Mimi naliona kuwa jambo la uimara, kwani kifaa kinachochajiwa mara chache kwa saa zile zile za mchezo hufika mara 800 baadaye sana.

Dawa ya kijiti inajulikana tangu zamani. Edwin Hall aligundua mwaka 1879 kwamba sumaku huathiri umeme unaopita kwenye chuma, na kihisio kinachotumia kanuni hiyo husoma mahali kijiti kilipo bila kugusana na chochote. Sega waliitumia kwenye pedi ya Dreamcast mwaka 1998. Leo kampuni kama GuliKit zinauza vijiti vya sumaku vinavyoingia ndani ya Joy-Con ya kawaida. Lakini Switch 2 ilipotoka Juni 2025 kwa dola 449.99, iFixit waliifungua na kukuta vijiti bado ni vya kusuguana. Waliipa alama 3 kati ya 10 kwa urahisi wa kutengenezwa. Baada ya kesi, radhi na ripoti zote zile, naona huo ni uamuzi usio na utetezi.

Ulaya angalau walaji walipata kitu. Tangu 2023 Nintendo hutengeneza bila malipo Joy-Con zenye hitilafu hii katika eneo la kiuchumi la Ulaya, Uingereza na Uswisi, hata waranti ikiwa imekwisha. Na kuanzia tarehe 18 Februari 2027 sheria ya Umoja wa Ulaya itataka betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Anayenunua Switch iliyotumika Kariakoo au Luthuli Avenue hayumo katika mpango ule wa matengenezo, hivyo anunue kwa macho yake.

Kwanza atazame namba ya modeli. HAC-001 peke yake ni ile ya betri ya muda mfupi, na HAC-001(-01) ni iliyoboreshwa. Kisha afungue mipangilio, aende sehemu ya pedi na vihisio, achague kurekebisha vijiti. Kioo kitaonyesha alama inayofuata kijiti. Akizungushe kila upande, akiachie ghafla, aangalie kama alama inarudi katikati na kutulia. Arudie kwa kijiti cha pili, na arudie tena baada ya kucheza kwa robo saa, kwa kuwa hitilafu hii huja na kuondoka, na jaribio la dakika moja mbele ya muuzaji halitoshi kuifichua. Alama ikitetemeka au ikiegemea upande mmoja, apunguze kwenye bei gharama ya kijiti kipya pamoja na kazi ya fundi. Fundi huyo naye awe na bisibisi yenye ncha ya umbo la Y, na mkono mtulivu kwa zile waya bapa, ambazo vishikizo vyake huvunjika vikivutwa kwa pupa.