Eneokazi la mashine yenye kazi moja

Fundi anayefunga skrini ya namba za foleni kwenye zahanati, au kompyuta ya kukusanya vipimo vya mvua, huumiza kichwa juu ya programu yenyewe. Eneokazi, yaani upau, menyu na utaratibu wa madirisha unaoizunguka programu hiyo, hulichukua lilivyokuja. Kumbe mashine nyingi huangukia hapo hapo. Yaliyoikuta Raspberry Pi kati ya 2021 na 2024 yanafaa kuchambuliwa taratibu, maana eneokazi lake lilibadilishwa mara tatu, kila mara kwa sababu nzuri, na bado waliolitegemea waliumia.

Kompyuta hizo ndogo kutoka Cambridge, Uingereza, zilianza kuuzwa 2012. Model B ya kwanza ilikuwa na memori ya megabaiti 256 tu, hivyo kuchukua LXDE, eneokazi jepesi la Linux, hakukuwa suala la ladha. Maeneokazi makubwa yasingetosha mle. Baadaye walioanzisha LXDE waligeukia mradi mwingine, LXQt. Timu ya Raspberry Pi haikuwafuata. Ilibaki na vipande vya LXDE, ikavitunza yenyewe, na 2016 ikavipa sura mpya kwa jina la PIXEL. Uamuzi huo haukusifiwa sana, lakini kwangu ndio bora katika mkasa huu wote. Kwa miaka mingi, aliyeandika mstari mmoja kwenye faili la autostart la LXDE ili kivinjari kifunguke chenyewe kwenye skrini nzima, alikuwa na uhakika kwamba kesho kitafunguka.

Mwaka 2021 likaja toleo la mfumo wake liitwalo Bullseye. Bodi yenye memori ya gigabaiti 2 au zaidi ilipewa msimamizi wa madirisha aitwaye Mutter. Yenye pungufu ya hapo ilibaki na Openbox. Mfumo ni ule ule, kadi ya memori ni ile ile, tabia mbili. Ukijaribu programu yako ofisini kwenye bodi kubwa, kisha ukapeleka kituoni bodi ya bei nafuu, ulichokijaribu sicho ulichokipeleka.

Oktoba 2023, kwenye toleo lililofuata, Bookworm, mabadiliko yaligusa msingi. Pi 4 na Pi 5 zilihamishwa kutoka X11, itifaki ya kuonyesha madirisha ya tangu 1987, kwenda Wayland, chini ya msimamizi aitwaye Wayfire. Chini ya X11, programu yoyote inaweza kuchungulia vitufe vinavyobonyezwa kwenye programu nyingine, kusogeza dirisha lisilo lake, hata kujifanya kipanya. Wayland inakataza hayo, na kiusalama ina haki. Shida ni kwamba skrini za kazi moja ziliishi kwa uhuru huo huo. Wafungaji walizoea unclutter kuficha mshale, xset kuzuia skrini isizime, na xdotool kubonyeza F5 kila baada ya dakika kadhaa ili ukurasa ujisome upya. Zana hizo ziliundwa kwa ajili ya X11, na chini ya Wayland haziwezi tena kuongoza skrini kama zamani. Na lile faili la autostart? Lilikuwepo mahali pake, halisomwi. Wayfire husoma wayfire.ini. Hakuna onyo lililotokea. Mashine iliwaka, ikaonyesha picha ya mandharinyuma, ikatulia.

Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2024, Wayfire nayo ikawekwa kando. Maendeleo yake yalikuwa yakielekea kwenye uwezo wa michoro ambao chipu za Raspberry Pi hazina. Ikaingia labwc, nyepesi zaidi, yenye mpangilio unaofanana na Openbox, na safari hii ikapewa bodi zote, za zamani na mpya. Uchaguzi mzuri, na ungekuja mwaka mmoja mapema ungeokoa watu wengi. Faili la kuanzishia likahama tena: sasa lipo kwenye folda ya labwc.

Kuna kundi lililovuka mabadiliko hayo bila kushtuka. Hao ni walioweka faili lenye mwisho wa .desktop kwenye folda ya kawaida ya kuanzishia programu, ile inayofuata kanuni za XDG zinazoheshimiwa na karibu kila eneokazi la Linux. LXDE iliisoma, Wayfire ikaisoma, labwc inaisoma. Wengine walirudi X11 kupitia zana ya mipangilio, raspi-config, ambako chaguo hilo liliachwa libaki. Siwalaumu, ila wamenunua muda tu.

Kwa mashine yenye programu moja, mimi nisingefunga eneokazi lolote. Cage, kwa mfano, ni msimamizi mdogo wa Wayland anayeonyesha programu moja kwenye skrini nzima basi, bila upau wala menyu. Ukiianzisha kwa systemd na kuweka Restart=always, programu ikianguka itainuliwa bila mtu kupigiwa simu usiku.

Kwa ofisi ambako karani anahitaji madirisha kadhaa na printa, ningechukua Xfce juu ya Debian thabiti. Xfce 4.12 ilitoka 2015, na 4.14 ikafuata 2019. Kwa mpenda mapya huo ni uzembe, lakini kwa anayesimamia mashine 40 zilizotawanyika wilayani ni sifa. GNOME hutoa toleo kila miezi sita, na kwa kompyuta yako binafsi haina neno.

Ukichagua lolote kati ya hayo, kabla mashine haijapanda gari chomoa waya wa umeme programu ikiwa inafanya kazi, kisha uurudishe bila kugusa kibodi. Jaribu hivyo kwenye bodi yenye memori ile ile itakayokwenda kituoni. Programu isiporudi yenyewe, usiisafirishe.