Kilomita 10 ambazo hakuna aliyezipima

Lava ya volkano ya Nyiragongo iliyoanza kumwagika tarehe 22 Mei 2021 ilisimama viungani mwa Goma, mashariki mwa Kongo, baada ya saa chache, lakini ardhi haikutulia. Kwa siku kadhaa nyumba za Gisenyi, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, zilitikiswa mchana na usiku, matetemeko makubwa zaidi yakifika karibu na kipimo cha 5, na nyufa zikapasua barabara na kuta pande zote mbili za mpaka. Kila tetemeko lililonaswa likapewa mstari wake katika orodha ya watafiti: saa, latitudo, longitudo, kina, ukubwa.

Safu ya kina ndiyo yenye mtego.

Umbali wa tetemeko hupatikana kwa kupima muda kati ya wimbi la P, linalotangulia, na la S, linalofuata nyuma. Vituo vitatu vinatosha kukisia mahali kwenye ramani. Kina kinadai zaidi: lazima kituo kimojawapo kiwe karibu kabisa na kitovu. Ndiyo maana katika orodha ya Idara ya Jiolojia ya Marekani (USGS) matetemeko mengi ya ukanda huu yameandikiwa kilomita 10 kamili. Hiyo ni namba ya kukubaliana, inayowekwa pale vituo vya mbali vinaposhindwa kuamua. Mtafiti asiyesoma safu ya makosa ataichora kwenye grafu yake kama kipimo halisi.

Kumbe magma iliyopenya kuelekea kusini, chini ya Goma na Gisenyi hadi Ziwa Kivu, mahali pengine ilikuwa mita mia chache tu chini ya miguu ya watu. Iliweza kufuatiliwa kwa picha za rada za satelaiti na kwa KivuSNet, mtandao wa vipima-tetemeko ulioanza kuwekwa miaka ya 2012 na 2013 na Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma pamoja na taasisi za Luxembourg na Ubelgiji.

Programu ya kompyuta hunasa matetemeko kiotomatiki, ila volkano hunguruma mfululizo na inaweza kuivuruga. Hapo mchambuzi hukaa na kusahihisha mawimbi kwa jicho. Kazi ya kuchosha, na haina sifa. Kituo cha Kimataifa cha Seismolojia, kilichoko Uingereza, huchukua takriban miaka miwili kabla ya kutoa orodha iliyopitiwa na wachambuzi.

Halafu kuna historia ya mtandao wenyewe, ambayo sharti iandikwe kando ya matetemeko: kituo gani kiliwashwa lini, kipi kilizimika. Bila kumbukumbu hiyo, anayehesabu matetemeko madogo ya Kivu kabla na baada ya 2013 ataona ongezeko kubwa, na huenda akaishitaki Nyiragongo kwa kilichosababishwa na vipima-tetemeko vipya.