Kidole cha Mkufunzi

Katika fani nyingi, mwalimu akisema kazi yako haijafika, mnabaki na neno lake na neno lako. Katika upigaji picha kuna picha yenyewe. Iko mezani, haijabadilika tangu shata ilipofunga, na yeyote mwenye macho anaweza kuinama akaitazama. Ndiyo maana naipenda fani hii, na ndiyo maana naamini kwamba mwanafunzi aliyerudishiwa kazi yake ikiwa na maoni ya kukatisha tamaa ana pa kuanzia.

Yanauma, bila shaka. Umeamka alfajiri, umeomba ruhusa kwa watu usiowajua, umesubiri mwanga, halafu mkufunzi anaandika maneno mawili tu pembeni: uso umezama. Siku hiyo sioni haja ya kumjibu wala ya kuifungua tena kazi. Mtu mwenye uchungu hulitazama jina lake na alama aliyopewa, picha haioni.

Kesho yake aitazame. Tuseme ni picha ya mzee aliyeketi barazani siku ya Idi, kanzu nyeupe, kofia ya viua, jua la saa nne asubuhi. Kamera haijui kanzu wala uso. Mita yake hupima mwanga unaorudi kutoka kwa vyote vilivyo mbele yake, ikichukulia kwamba vikichanganywa vitatoa kijivu cha wastani. Ikikutana na weupe mwingi kiasi kile, huona mwanga umezidi, na huubana. Kanzu inatoka kijivu. Uso wa mzee, ambao ndio uliokupeleka pale, unazama, na macho yanapotelea chini ya nyusi. Dawa ipo: pima mwanga wa uso peke yake, au ongeza mwanga kwa hatua moja hivi juu ya kiwango kinachotakiwa na kamera, au mwombe mzee kwa adabu asogee ndani kidogo ya kivuli cha baraza akiwa anatazama nje, mwanga wa mtaa umfikie usoni bila ukali. Ukiongeza mno, darizi ya shingoni inafutika. Kati ya uso na darizi ile ndipo ufundi ulipo, na maneno mawili ya mkufunzi yalikuwa yanakuelekeza hapo hapo.

Shida kubwa ni maoni yasiyo na mahali. “Haina nguvu.” “Haijanigusa.” Hapo mwanafunzi ana haki ya kurudi na kusema: Mwalimu, naomba unioneshe ni sehemu gani ya picha iliyokufanya useme hivi. Si utovu wa adabu. Mkufunzi anayeijua kazi yake ataweka kidole: nguzo hii imeotea kichwani pa mtu wako, mkono huu umekatwa kwenye kiganja, umesimama mbali mno hata sijui nimtazame nani. Kila kimoja kati ya hivyo kinarekebishika.

Na yapo maoni ya kukataliwa. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Wenye kazi hiyo waliziita kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo, na nyuso nyeusi zilitoka bapa, bila umbo. Kwa hiyo mwanafunzi wa Tanga au Kisumu anayeambiwa nyuso zake ni nyeusi mno aulize: nyeusi kuliko ya nani? Uso uliozama ni kitu kimoja, na uso mweusi uliopigwa sawasawa ni kitu kingine. Huu wa pili una mng'ao kwenye paji na kwenye mfupa wa shavu, na ndani ya weusi wake mikunjo inasomeka. Tazama picha za Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako mwaka 1948 na mara nyingi akawapiga wateja wake uani kwa mwanga wa jua. Ni nyuso nyeusi za watu waliovaa wakapendeza, na hakuna hata mmoja uliozama.

Mara nyingine kasoro anayoiona mhakiki ni chaguo la mpiga picha. Mpiga picha Robert Frank alisafiri Marekani katikati ya miaka ya 1950 akapiga picha zaidi ya 20,000, akachagua 83 tu. Kitabu chake, The Americans, kilitoka Paris mwaka 1958 na New York mwaka 1959. Wahakiki wa jarida la Popular Photography walikishambulia: picha zina ukungu, zina chenga, upeo umeinama. Walichokiona kilikuwepo kweli. Lakini mtu aliyeacha maelfu ili abaki na 83 alikuwa amekwisha kuamua ni wapi ukungu unabeba hisia za picha na ni wapi unaiharibu, na leo kitabu hicho kinahesabiwa miongoni mwa vitabu vikuu vya fani hii.

Hoja ya namna hiyo mwanafunzi anaweza kuijenga tangu mwaka wake wa kwanza. Akiweza kusema kwa nini aliuacha upeo uiname, amrudie mkufunzi na sababu hiyo, picha ikiwa katikati yao. Naye mkufunzi anadaiwa jibu.