Muvi Inayomwachia DJ Nafasi

Nianze na msimamo wangu tusipotezeane wakati: The 36th Chamber of Shaolin ya mwaka 1978 ni muvi bora kuliko Tenet ya Christopher Nolan ya 2020, na sababu ni ya kiufundi. Ile ya kwanza inawekeka DJ. Hii ya pili haiwekeki, hata umlete nani.

Kwa aliyekulia mitaa ya Nairobi kama Umoja, Kayole, Dandora au Huruma, sina haja ya kueleza muvi ya DJ ni nini. Wageni wajue tu kwamba ni mtu mmoja na kipaza sauti, anaichukua filamu ya Kichina, ya Kihindi au ya Marekani na kuisimulia upya kwa Kiswahili na Sheng, akiwa yeye ndiye steringi, yeye adui, yeye mama mzazi anayelia. Humu Kenya aliyevuma zaidi ni DJ Afro. Sauti yake imesikika kwenye vibanda vya video vyenye mabenchi ya mbao, kwenye maduka yaliyouza DVD za shilingi hamsini, na ndani ya matatu. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, Kampala wana ma-VJ wanaosimulia kwa Kiganda. Hata Japani, enzi za filamu bubu, kulikuwa na benshi aliyekaa kando ya pazia akiwasemea waigizaji, na baadhi ya mabenshi wakawa na majina makubwa kama waigizaji wenyewe.

Sasa kwa nini ma-DJ wanapenda kung fu? Utaambiwa vijana wanapenda mangumi. Wanapenda, lakini mangumi yapo hata kwenye muvi ambazo DJ hazigusi. Tazama jinsi zilivyotengenezwa. Studio za Hong Kong za miaka ya 1960 na 1970, Shaw Brothers wakiwa mstari wa mbele, zilipiga picha bila kurekodi sauti papo hapo. Maneno yalipachikwa baadaye studioni, na mlio wa kila ngumi ukatengenezwa peke yake. Midomo na maneno havikuwahi kuoana tangu mwanzo, kwa hiyo DJ akiweka sauti yake juu havunji ndoa ya mtu. Filamu za Kihindi nazo zilitengenezwa hivyo kwa miongo mingi. Lagaan ya 2001 ilipoamua kurekodi sauti palepale kwenye picha, ilikuwa habari.

Mwigizaji anayejua sauti itawekwa baadaye huigiza kwa mwili mzima. Kamera inamrukia adui usoni, nyusi zinapanda, kimya, kisha mguu. Kile kimya ndicho chakula cha DJ. Aliye fundi anakijaza majigambo na vijembe vya mtaani, halafu ananyamaza kidogo tu kabla ngumi ya kwanza haijatua. Wanagenzi huharibia hapo hapo. Wanaongea juu ya ngumi! Ule mlio uliundwa kwa mkono ili usikike, na ukiufunika umemnyima mtazamaji nusu ya kiingilio chake. Kosa lao la pili ni kuishusha sauti ya filamu tangu mwanzo na kuiacha chini hadi mwisho, kwa uvivu wa kuipandisha kila wanapovuta pumzi.

Ndiyo maana naiweka 36th Chamber juu. Sehemu kubwa ya muvi ile ni mafunzo ya San Te, aliyeigizwa na Gordon Liu: anabeba maji mikono ikiwa imenyooshwa, visu vimefungwa mikononi ili akiilegeza ajichome. Hakuna anayetoa hotuba. Picha inajieleza, na DJ amebaki huru kumcheka, kumwonea huruma, kumtisha. Tenet, kwa upande wake, imefungia hadithi yote ndani ya mazungumzo, kisha ikawavisha waigizaji barakoa; hata wenye Kiingereza chao walilalamika kwamba hawasikii. DJ hapo atageuka mkalimani wa mahakama.

Waganda wamekwenda mbele zaidi yetu. Who Killed Captain Alex, iliyotengenezwa na Nabwana IGG mtaani Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, imebaki duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, kwa sababu nakala isiyo na VJ ilipotea. Mimi sioni hasara. Likarion Wainaina naye, kwenye Supa Modo ya 2018, amemweka msimulizi wa muvi ndani ya hadithi yenyewe: Mike wa kibanda cha video ndiye anayesaidia kumtengenezea mtoto mgonjwa, Jo, filamu ya shujaa. Naipenda, ingawa inakamua machozi ya mtazamaji kupita kiasi.

Nisiyoipenda ni The First Grader ya 2010, kuhusu mzee Maruge aliyeanza shule ya msingi uzeeni. Oliver Litondo anaigiza vizuri, lakini mazungumzo mengi yamewekwa kwa Kiingereza, kijijini, kati ya watu ambao wasingesemezana hivyo hata siku moja. Ni muvi ya Kenya inayohitaji DJ ili irudi nyumbani.

Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, ya 2012, haimhitaji. Muvi inapoanza tunamkuta Mwas, mhusika mkuu, kijijini akiuza DVD na kuwaigizia wateja vipande vya muvi ili wanunue. Tayari ni DJ asiye na kipaza sauti. Akifika Nairobi, Kikuyu, Kiswahili na Sheng vinabadilishana kulingana na anayesikiliza, na ukifumba macho bado unajua kama uko seli, gereji au barabarani. Joseph Wairimu, anayemwigiza Mwas, alishinda tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Durban mwaka huo huo, na alistahili. Lalamiko langu ni moja: kila tunapoingizwa kwenye ukumbi wa maigizo ambako Mwas anatafuta nafasi, wanajukwaa wale wa mjini wanaanza kutamka kama wanasoma ubaoni, na muvi inapoa. Vipande hivyo tu ndivyo ningempa DJ Afro.