Baridi Tunaijua

Jumapili moja nilimwonyesha dada yangu filamu ya Ice Lions kwenye simu. Tulikuwa kwake hapa Karagita, chai iko mezani, na kijana wake wa Gredi ya 7 amejibana katikati yetu ili aone vizuri. Ni ile filamu fupi iliyotolewa mwaka wa 2018 na Tim Hortons, kampuni ya kahawa ya Kanada. Kuna timu ya hoki ya barafu Nairobi, haina mtu wa kucheza naye, inapandishwa ndege hadi Kanada, inapewa vifaa vipya, halafu Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wanaingia chumba cha kubadilishia nguo wakiwa tayari kucheza upande wa Wakenya. Ukiitazama bila chozi kukulengalenga, una roho ngumu.

Dada hakulia. Yeye hufanya kazi katika chumba cha baridi cha shamba la maua, kule waridi zinakolazwa ndani ya ndoo kungoja lori la uwanja wa ndege. Chumba hicho huwekwa digrii chache tu juu ya sifuri. Anavaa jaketi mbili, kofia ya sufu na gambuti, na akitoka saa sita mchana jua la Naivasha linampiga mpaka masikio yanawasha. Aliitazama filamu yote kimya, kisha akasema, "Kwani ni nani aliwaambia sisi hatujui baridi?"

Kijana naye alikuwa na swali lake. "Anko, hao watu huwa wanashinda?"

Tangu siku hiyo nimeyabeba maswali hayo mawili. Naona yakiwekwa pamoja yanapima vizuri kila kitu kilichoandikwa na kupigwa picha kuhusu timu hii, na mengi yanaanguka mtihani.

Nianze na sifa, maana filamu ile si mbaya. Inawapa wachezaji nafasi ya kusema wenyewe. Haiwachekeshi watu kwa kuwaonyesha wakianguka. Lakini ukimaliza kuitazama, jaribu kuniambia mchezaji gani ana mkono mzuri, nani ana kasi, nani hukaba. Huwezi. Unachojua ni kwamba wapo, na kwamba kuwepo kwao ni ajabu. Magazeti na televisheni yalifuata njia hiyo hiyo: Ikweta, joto, simba, barafu, basi. Miaka inapita na habari ni ile ile, ati kumbe Wakenya nao wanateleza!

Tumewahi kuuona mtego huu. Mwaka wa 1998 Philip Boit alishindana katika mbio za kuteleza kwenye theluji, kilomita 10, kule Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho, na Bjørn Dæhlie wa Norwei, aliyekuwa ameshinda dhahabu, akamngoja kwenye utepe akamkumbatia. Kumbatio hilo dunia nzima inalikumbuka. Sasa muulize mtu yeyote Boit alifanya nini Olimpiki ya 2002 na ile ya 2006. Watu wengi hata hawajui alirudi. Ajabu huishi siku moja, na mtu aliyekuwa ajabu anabaki na maisha yake yote ya kufanya mazoezi bila kutazamwa.

Kwa hivyo niliamua kwenda kutazama. Si mara moja ili niseme nilifika, bali mara tatu, mwanzoni mwa msimu wao, kama vile mtu anavyofuatilia Gor au Leopards. Matatu kutoka Naivasha, mteremko wa kuingia jijini, kisha ingine hadi Mombasa Road, Hoteli ya Panari. Uwanja wa barafu wa hapo ulifunguliwa mwaka wa 2005, na ulikuwa wa kwanza Afrika Mashariki. Chini ya barafu kuna mabomba ya kupitisha kimiminiko baridi, na mitambo ya kukipoza hula stima bila huruma. Karibu nusu ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini, na visima vikubwa vya mvuke huo viko Olkaria, nyuma tu ya milima tunayoiona tukisimama stejini Karagita. Nilicheka peke yangu nikifikiria hilo. Mvuke wa kwetu huenda Nairobi kugandisha maji.

Jioni ya kwanza nilichoona ni kutu. Likizo ilikuwa imewakaa miguuni. Pasi zilikuwa zinafika nyuma ya mtu, kisahani kinagonga ukuta, watu wanashika kiuno baada ya mizunguko michache. Hoki ya barafu haina huruma na pumzi. Mchezaji wa kulipwa hukaa uwanjani chini ya dakika moja, anatoka, mwenzake anaingia, mchezo ukiendelea. Hawa walikuwa wachache, na aliyechoka hakuwa na wa kumpokea mara moja. Dakika za mwisho mchezo ulikuwa unatembea.

Jioni ya pili nilianza kutofautisha watu. Wengi wa wachezaji wetu walianzia kwenye viatu vya magurudumu, kwenye lami na maegesho ya magari. Ukikazia macho utawajua. Aliyejifunzia magurudumu hupenda kugeuka kwa mduara mpana, anabembea kama boda anayekata kona. Aliyekulia barafuni hugeuza miguu ubavu, makali ya chuma yanakwaruza, vumbi jeupe linaruka, na tayari anaelekea upande mwingine. Yule wa mduara anapoteza nukta moja kila anapogeuka, na katika mchezo huu nukta moja ni goli. Lakini ana kitu ambacho yule mwingine hana: usawa wa mwili. Msukume, atayumba, ataweka mguu, ataendelea. Lami ilimfundisha kwamba kuanguka kunauma.

Halafu kuna uwanja wenyewe. Ni mdogo kuliko kiwango cha kimataifa, ambacho ni mita 60 kwa urefu. Udogo huo umewapa mikono mizuri na macho mafupi. Katika nafasi finyu wanapita kama samaki kwenye mtego wenye tundu: kisahani kinakwenda kushoto, kulia, katikati ya miguu ya mtu, mashabiki tunapiga kelele. Pasi ndefu karibu haipo. Na hapa lawama nyingine ni yetu sisi watazamaji. Tunashangilia chenga, hatushangilii pasi, basi mchezaji anapiga chenga ya tatu mahali ambapo alipaswa kuachia kombora baada ya ya kwanza. Nilihesabu kwa vidole mashuti ya jioni nzima na vidole vilibaki. Kipa alikuwa na kazi nyepesi kuliko yangu ya kukaa pale nikitetemeka.

Jioni ya tatu ndiyo iliyonifumbua macho. Walijigawa pande mbili, kama ambavyo wamejigawa kwa miaka mingi kwa kukosa mgeni. Kulikuwa na winga mmoja mwembamba aliyekuwa akipiga pasi bila kuangalia, na kila mara mwenzake alikuwa pale. Nilitaka kusimama nipige makofi. Kisha nikaona kwamba beki wa upande wa pili naye alikuwa pale, bila kuangalia. Wanajuana mno. Wamecheza pamoja mpaka kila mtu anajua kona atakayokata mwenzake. Ni kama ndugu wanaocheza bao kila jioni: hakuna ujanja mpya, kuna kumbukumbu tu. Timu isiyo na adui wa kigeni hujifunza kujishinda yenyewe, na ushindi wa aina hiyo hauna jedwali la pointi.

Ndiyo maana naona habari kubwa kuhusu timu hii si ile safari ya 2018. Ni ya Septemba 2024, Kenya ilipokubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu. Haikuwa na muziki wa kuliza mtu, na sikusikia mtu akiizungumzia katika matatu. Lakini uanachama ndio mlango wa kukutana na watu usiojua kona zao. Kwenye filamu Crosby alivaa jezi yetu akawa upande wetu. Ukarimu mkubwa, nashukuru. Heshima ya kweli itakuja siku mtu mwingine atavaa jezi yake mwenyewe, atupige matano, na aturudie mwaka ujao akiwa na wasiwasi kidogo.

Najua kuna atakayesema ninawaonea. Vijana wanalipia muda wa barafu, vifaa ni ghali, wengine wanatoka kazini moja kwa moja, na mimi nimekaa kando na kijitabu nahesabu mashuti. Nimelifikiria. Lakini tunamkosoa nani? Tunamkosoa yule tunayeamini anaweza. Mama akionja chakula cha mgeni husema kitamu, akionja cha binti yake husema chumvi imezidi. Miaka hii yote Ice Lions wamelishwa sifa za mgeni. Mimi nimekuja kusema chumvi imezidi.

Niliporudi Karagita usiku ule wa tatu, kijana alikuwa bado macho. Akauliza tena lile swali lake: wanashinda? Nikamwambia ukweli, kwamba kwa sasa wanacheza wao kwa wao, kwamba yule winga mwembamba ana jicho, kwamba wote wanachelewa kupiga. Nilidhani atavunjika moyo. Badala yake alichukua fimbo ya fagio na kifuniko cha ndoo ya rangi, akaviweka kwenye sakafu ya saruji, akaniuliza, "Wanachelewa namna gani? Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Dada alitutazama kutoka mlangoni, bado amevaa jaketi ya kazini.

"Anza na kusimama vizuri," akamwambia mwanawe. "Kule kwetu ndani sakafu ikilowa maji, ukisimama ovyo unaanguka na ndoo."